Salama, Ila...

Kiswahili kina salamu ambayo ukiichunguza utaona ni nzito kuliko tunavyoibeba. "Hujambo?" Yaani, huna jambo? Hakuna lililokupata? Na jibu lake limepangwa tangu zamani: "Sijambo." Sina jambo. Anayeuliza anauliza kwa kukanusha, anayejibu anajibu kwa kukanusha, na wote wawili wanapita zao. Umri wangu wote sijawahi kusikia mtu akijibu, "Nina jambo." Kisarufi hakuna kosa hapo. Lakini hebu lijaribu kesho asubuhi kituoni uone: aliyekusalimia atasimama, atacheka kidogo, halafu ataanza kutafuta namna ya kuondoka.

Nimeanza na salamu kwa sababu swali ninalotaka tulijadili linaanzia humo. Mwanafunzi wa chuo usiku halali, mchana haamki, chakula hakipiti, darasani hajaonekana hii wiki ya tatu. Jioni simu inaita. Ni mama. "Hujambo, mwanangu? Masomo yanaendaje?" Naye anakaa vizuri kitandani, anasafisha koo, anajibu: "Sijambo, mama. Masomo yanaendelea vizuri." Je, huyu amedanganya? Na kama amedanganya, amekosea?

Najua wengi mtajibu haraka. Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunaona fulana na mabango: vunja ukimya, ongea na mtu. Sina ugomvi na ujumbe huo. Ugomvi wangu ni kwamba unamchukulia anayenyamaza kama mtu asiyejua, kana kwamba akielimishwa kidogo tu atafungua mdomo. Mimi niliyekaa chumba kimoja na mtu wa namna hiyo naweza kukwambia kwamba alijua. Alikuwa na hoja, na hoja zake hazikuwa za kipumbavu. Bango haliwezi kumjibu mtu mwenye hoja. Labda insha inaweza kujaribu.

Tulikuwa mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Chumba cha vitanda vinne, tukilala sita, maana wawili walikuwa wamebebwa. Waliokaa hosteli wanaelewa. Mwenzangu alitoka Kanda ya Ziwa, mtu wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Mwaka wa kwanza na wa pili yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha takwimu kwenye vimbweta mpaka saa sita za usiku, na mitihani ikikaribia hata watu wa kozi nyingine walikuwa wanamfuata. Halafu akaanza kufifia, polepole, kama tochi inayoisha betri. Akawa analala ameelekea ukutani. Akaacha kuoga. Tukimuuliza anasema malaria. Akaenda kupima, hakuna malaria. Bado akasema malaria. Si unajua, malaria ni ugonjwa wenye heshima zake. Hauulizwi maswali, hauchafui jina la ukoo, na hakuna aliyewahi kuchekwa kwa kuugua malaria. Matokeo yalipotoka alikuwa na sapu mbili, yeye aliyekuwa akitusaidia sisi tusizipate.

Usiku mmoja wenzetu walikuwa wametoka kuangalia mpira, nikamwambia, "Kaka, hii si malaria. Mpigie mama." Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaongea kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulipigia hesabu jambo hilo mara nyingi: "Mama aliuza ng'ombe wawili ili mimi nije huku. Nikimwambia kichwa hakifanyi kazi, nitakuwa nimemwambia nini? Kwamba ng'ombe wake wamekufa. Na ana presha yule. Bora nife na langu."

Hoja hiyo nimetembea nayo miaka kadhaa sasa. Ukiifumua ina nyuzi tatu: upendo, deni na aibu. Nataka niuchukue uzi mmoja mmoja.

Tuanze na upendo. Aliyeficha hapa hakuficha ili apate faida, alificha ili mama asiumie. Na sisi tunaufahamu uongo wa namna hiyo, tena tunauheshimu. Mtu akifiwa akiwa mbali, hatumpigii simu tukamwambia moja kwa moja kwamba mama yako amefariki. Tunamwambia, "Mama anaumwa kidogo, jitahidi uje." Anapanda basi na hofu yake, ndugu wote wanajua, na hakuna anayethubutu kumwambia mpaka afike nyumbani, ashushe begi, akalishwe, ashikwe mkono. Huo ni uongo. Lakini sijakutana na mtu anayeulaani.

Sasa tazama uongo huo unafanya kazi gani. Haufuti ukweli, unauchelewesha. Unauchelewesha mpaka mwenye msiba awe amezungukwa na watu wa kumdaka akianguka. Hekima yake yote iko hapo: habari nzito isimkute mtu peke yake. Mwenzangu alitumia mila ileile lakini akaigeuza juu chini. Uongo wa msiba unawakusanya watu; wa kwake uliwatawanya. Alibaki peke yake na habari nzito, jambo lilelile ambalo mila imewekwa kulizuia. Kwa hiyo hata kwa kipimo chetu wenyewe, bila kuazima neno kwenye vitabu vya saikolojia, ile "sijambo" ya kwenye simu haisimami. Sababu si kwamba haikuwa kweli. Sababu ni kwamba ilimwacha mtu mpweke.

Tena, kumficha mama ni kumwamulia. Mtoto anakaa Dar es Salaam anaamua kwamba mama hawezi kubeba. Mama aliyekesha na degedege lake, aliyemvusha surua, aliyesimama mlangoni mwa zahanati saa kumi na moja alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, leo anageuzwa mgeni wa kuletewa habari njema tu. Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wanamtukana anayeona haya. Walikuwa wanasema kuna msaada ambao haupatikani mpaka mtu akuone ulivyo.

Uzi wa pili ni deni. Mwanafunzi wa chuo Tanzania mara nyingi anadaiwa mara mbili. Kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao una namba, una karatasi, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka uishe. Halafu kuna deni la nyumbani, ambalo halina karatasi. Hujui ni kiasi gani wala linaisha lini. Yule mjomba aliyekupa nauli, shangazi aliyekununulia godoro, kanisa au msikiti uliochanga, mdogo wako aliyeambiwa asubiri kwanza wewe umalize. Deni la Bodi hulipwa kwa fedha. Hili la pili vijana wameaminishwa kwamba hulipwa kwa kufaulu, tena kufaulu bila hata kukohoa.

Sisemi deni hilo halipo. Wale wanaokuja na ushauri wa "achana na watu, ishi maisha yako" hawajui wanaongea na nani. Mimi si wangu peke yangu. Nimefika nilipofika nikiwa nimebebwa na mikono mingi. Lakini walionibeba walinunua nini? Kama walinunua cheti, basi mwili wangu na akili yangu ni mashine ya kutolea cheti, na mashine ikiharibika mwenye mali ana haki ya kukasirika. Kama walimpeleka mtoto wao mahali akapanuke, akawe mtu zaidi ya alivyokuwa, basi mtoto huyo akiumwa hakuna mnunuzi aliyepata hasara. Kuna familia yenye mgonjwa. Na familia yenye mgonjwa inajua la kufanya, imelifanya maisha yake yote. Hakuna mama aliyeuza ng'ombe ili aje anunue sanda. Deni linanitaka nijitahidi. Halinitaki nife nikijitahidi.

Ni kweli wapo wazazi wanaohesabu. Wapo wanaomwambia mtoto usoni, "Tumekusomesha kwa shida, usituaibishe," na wapo watakaosikia neno sonona wakajibu kwamba enzi zao hapakuwa na muda wa mambo hayo. Insha inayomfanya kila mzazi kuwa malaika haimsaidii mwanafunzi wa mzazi kama huyo. Kwake yeye nasema hivi: si lazima awe mama. Anaweza kuwa dada, mwalimu, shehe, padri, au hata jirani wa chumba cha pili. Cha lazima ni kwamba awepo mmoja.

Uzi wa tatu ni aibu, na hapa lugha inaingia tena. Fikiria maneno tuliyonayo. Chizi. Kichaa. Kachanganyikiwa. Karukwa. Tumechukua jina la hospitali, Mirembe ya Dodoma, mahali ambako watu wanatibiwa, tukaligeuza neno la kutaniana: "Huyu katoroka Mirembe." Hatumtanii mtu kwamba katoroka hospitali ya saratani. Hata neno "mawazo" tumelitia sumu. Kuwa na mawazo ni kuumwa, na dawa yake ni kuambiwa "acha mawazo." Mwambie hivyo mwanafunzi, ambaye mawazo ndiyo kazi aliyotumwa!

Lipo neno zuri, sonona, ambalo wataalamu hulitumia kwa ile huzuni nzito isiyoondoka, inayozima hamu ya kula, ya kuongea na ya vitu ulivyokuwa ukivipenda, inayovuruga usingizi na kumfanya mtu ajione hafai. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, madaktari hawaiiti tena huzuni ya kawaida. Sonona ni neno letu na halina tusi ndani yake. Lakini hosteli wanalitumia wangapi? Wanatumia "nimevurugwa," ambalo husemwa kwa kicheko, na kicheko kikishapita hujui nani alikuwa anatania na nani alikuwa anaomba msaada.

Kinachonishangaza ni kwamba fasihi yetu haikuwa na aibu hiyo. Mwaka 1971 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Mashetani, yenye vijana wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru. Na Kitaru anaugua akilini huku wazazi wake wakihangaika. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi akatoa Rosa Mistika, na Rosa, binti aliyefika mpaka chuo cha ualimu, anaishia kujiua. Mwaka 1974 akatoa Kichwamaji, na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, naye anaishia hivyohivyo. Itazame miaka hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimepata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970 tu. Wasomi walikuwa wachache, kila mmoja akitazamwa kama tumaini la wilaya nzima. Na tayari waandishi waliosoma palepale walikuwa wanatuonyesha kwamba kijana tuliyemtuma akatuletee mwanga anaweza kuwa gizani yeye mwenyewe.

Tumewafanya nini Kitaru, Rosa na Kazimoto? Tumewafanya maswali ya mtihani. "Jadili udhanaishi katika riwaya ya Kichwamaji. Alama 20." Nimewahi kulijibu swali la namna hiyo na nikapata alama nzuri. Nilieleza ukosefu wa maana ya maisha, nikawataja Sartre na Camus, nikapigiwa vyema. Ukumbi mzima ulikuwa unaandika kuhusu kijana wa chuo aliyekata tamaa ya kuishi, na mtihani haukumtaka yeyote ageuke amtazame aliyekaa kulia kwake.

Mhakiki ana haki ya kuniambia kwamba Kazimoto si mgonjwa, ni mtu anayeuliza maswali makubwa ya maisha. Mimi naona anaweza kuwa vyote viwili. Kinachonigusa kila ninapomrudia ni jinsi anavyofikiri vizuri, na jinsi kufikiri vizuri akiwa peke yake kusivyomwokoa. Akili inayoumwa hutumia akili ileile kujitetea. Ndiyo maana hoja ya ng'ombe wawili ilikuwa nzuri. Ugonjwa haukumfanya mwenzangu kuwa mjinga. Uliiajiri akili yake, ikawa inaufanyia kazi usiku na mchana. Mtu wa namna hiyo humtoi kwa kumshinda kwa hoja. Hoja anazo nyingi kuliko wewe, maana yeye halali.

Anatokaje basi? Turudi kwenye salamu. Nilisema jibu lake limepangwa, lakini wazee wetu hawakuishia hapo. Wasikilize wawili wakikutana njiani kijijini.

"Habari za siku?"
"Nzuri."
"Za nyumbani?"
"Njema."
"Watoto?"
"Hawajambo."
"Mifugo?"
"Salama."
"Na mvua?"
"Tunashukuru."

Sisi vijana tunacheka, tunaona wanapoteza muda. Subiri. Dakika ya tatu hivi, baada ya njema na salama zote hizo, ndipo inapotoka: "Salama, ila yule mdogo homa haijamwacha." "Njema, ila mzee alituacha Jumanne." Jamani, mtu kafiwa na bado alianza na njema! Wapo wanaokifanya kichekesho. Mimi naona ni ufundi. Njema za mwanzo ni adabu, na zaidi ya adabu, zinampa anayeulizwa nafasi ya kumpima anayeuliza. Huyu ana muda? Anataka kweli kujua? Muulizaji akishuka mpaka kwenye mifugo na mvua bila kuangalia saa, mwenzake anajua sasa anaweza kutua mzigo.

Kwa hiyo "sijambo" ni mlango uliorudishwa kwa adabu, na nyuma yake kuna ila. Kilichotokea chuoni ni kwamba tumebaki na mlango, tumeondoa subira ya kusimama mbele yake. "Mambo?" "Poa." "Freshi?" "Freshi." Sekunde mbili, kila mtu na pindi lake. Mama naye anapiga kwa kifurushi cha dakika chache, na dakika hizo zinaishia kwenye matokeo na hela ya matumizi. Hakuna pa kuiweka ila.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wimbi la "jitunze" linalopita kwenye simu zetu. Jipende. Jipe muda. Washa mshumaa wenye harufu nzuri, nenda ufukweni, jitenge na watu wanaokuchosha. Mwanafunzi anayesubiri bumu, anayekula wali maharage mara moja kwa siku ili hela isogee, akisoma hayo anajiona hata katika kujitunza amefeli. Lakini kasoro kubwa ya ushauri huo si gharama. Ni kwamba unamkabidhi mgonjwa kazi yote ya kujiuguza. Kwetu mgonjwa huuguzwa. Kuna mgonjwa na kuna anayemuuguza, na anayemuuguza tunampa pole yeye naye. Hatujawahi kumwona mtu amelazwa tukamwambia ajipende.

Hata hivyo kujitunza kupo, na ni wajibu, maana kuna mambo ambayo hakuna atakayekufanyia. Kulala, kwanza. Kipindi cha UE tunajisifia kukesha kana kwamba usingizi ni uvivu, ilhali kichwa kisicholala hakishiki kitu. Kula kabla ya kusoma, hata kama ni uji. Kutoka nje jua likiwapo. Kutoitumia pombe kama dawa ya usingizi. Kwenda zahanati na kusema "silali" badala ya "nina malaria," kwa sababu daktari hutibu anachoambiwa. Na juu ya yote, kuitamka ila, hata moja, kwa mtu mmoja. Hiyo ni sehemu ya mgonjwa, na akiifanya amefanya kazi kubwa. Sehemu inayobaki ni ya kwetu tuliomzunguka.

Sehemu ya kwetu ina gharama, nisikufiche. Usiku ule, baada ya hoja ya ng'ombe, mwenzangu aliniambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Inatosha kusema kwamba alikuwa ameshapanga kutokuwepo. Kisha akasema, "Ila usimwambie mtu." Nikamjibu, "Hilo siwezi kukuahidi." Nikakaa naye mpaka kulipokucha. Asubuhi nikampigia dada yake mkubwa, yeye mwenyewe akiwa amekaa kitandani ananitazama, kisha tukaenda wote ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Usiku uliofuata tulilala kwa zamu, mmoja macho wakati wote. Siku ya tatu mama na dada wakashuka kwenye basi la Mwanza. Nikampa mama shikamoo. "Marahaba baba, hujambo?" Nikajibu sijambo, maana mdomo una mazoea yake. Mama yule hakuuliza sapu ngapi. Hakutaja ng'ombe. Aliuliza tangu lini mtoto halali, na kama amekula.

Nyumbani walianza na maombi, kisha wakaenda hospitali, na sijasikia kwamba kimoja kilikizuia kingine. Alipewa dawa na mtu wa kuzungumza naye. Aliahirisha mwaka, akarudi, akamaliza. Sasa ana kazi, anakatwa ile asilimia 15 kama sisi wengine. Lakini mimi na yeye hatujarudi kuwa kama zamani. Hakuniongelesha mpaka siku aliyoondoka, na hata leo tukikutana ni "mambo," "poa." Aliona nimemvua nguo mbele ya mama yake. Sijamwomba radhi kwa hilo. Siri ni amana, nakubali. Lakini mtu akikupa siri ya kufa kwake amekupa amana mbili kwa pamoja, neno lake na uhai wake, na zikigongana huwezi kuzitunza zote. Nilitunza moja. Urafiki ndiyo bei yake. Inaniuma, na ningeilipa tena.

Na si sisi wa hosteli tu tunaoweza kuifungia ila mlango. Sheria nayo inaweza. Kifungu cha 217 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania, tuliyorithi kutoka kwa Mwingereza, kinaifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Maana yake kijana akitamka "nilijaribu," kitabibu anaomba dawa lakini kisheria anakiri kosa. Uingereza yenyewe iliachana na kosa hilo mwaka 1961. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, ndugu wa hiki cha kwetu, kinapingana na Katiba. Shirika la Afya Duniani linakuweka kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Hao ndio watu wa rika la vyuo vyetu. Sheria inayomtisha mgonjwa asiseme haimlindi. Inamfundisha kusema sijambo vizuri zaidi.

Sasa nijibu swali nililouliza. Kijana wa kwenye simu hakudanganya kwa kusema sijambo. Alirudisha mlango kama alivyolelewa. Kosa, kama lipo, halijakamilika bado. Linakamilika pale mlango unapobaki umerudishwa siku nyingi, na hilo si la mtu mmoja. Anayeuliza "hujambo" naye ameahidi kitu: ameahidi kusubiri. Kama huna nafasi ya kusikia jambo, pita kwa kupunga mkono, haina ubaya. Lakini ukiuliza, uliza kama wazee. Usiulize "uko sawa?" ambalo jibu lake ni ndiyo. Uliza mifugo na mvua. Kwa mwanafunzi, mifugo ni usingizi na mvua ni hela ya kula. Jana umelala saa ngapi? Leo umekula nini? Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini? Kisha nyamaza, usijaze ukimya kwa ushauri.

Na wewe mwalimu utakayeingia darasani muhula ujao na Kichwamaji mkononi, kabla ya kugawa lile swali la alama 20, wape wanafunzi nafasi ya kusalimiana, wawili wawili, mpaka wafike kwenye ila. Udhanaishi unaweza kusubiri dakika tatu.